Tupeane uzoefu: neno gani la laptopu lilikula pesa zako?

Mwanzisha mada, Kampala
Wakuu, salamu. Mimi naandaa hesabu za maduka mawili hapa mjini, laptopu ndiyo jembe langu. Mwaka jana ilianza kuzubaa: nikifungua jedwali la mauzo na kurasa tatu za intaneti, inaganda mpaka chai inapoa. Nikapanda boda hadi kwa fundi, nikamwambia, "Niongezee memori." Akauliza ipi. Nikamjibu, "Ya kuhifadhia, imejaa." Akatoa diski ya GB 500, akapachika ya GB 1,000. Nikalipa. Kufika nyumbani, inazubaa vile vile.

Fundi hakunidhulumu, alinipa nilichotaja kwa mdomo wangu. Kumbe iliyopungua ni RAM, GB 4 tu. Sasa naielewa hivi: diski ni ghala, RAM ni ungo ulio mapajani. Unapepeta kilichomo kwenye ungo, na ungo ukiwa mdogo utainuka kwenda ghalani kila mara. Umeme ukikatika na betri imekufa, cha ghalani kipo, cha kwenye ungo kimemwagika. Niliongeza hadi GB 8, kazi ikanyooka. Semeni nanyi yaliyowakuta.

Mbale
Mimi nilijua ni RAM, ila sikujua kuna DDR3 na DDR4, vizazi viwili tofauti vya RAM. Nikanunua DDR4, nikafungua kifuniko cha chini mwenyewe. Kila nikiisukuma, inagoma. Nikaziweka ile ya zamani ya DDR3 na hii mpya sambamba mezani: ule mpasuko mdogo kwenye ukingo wa meno ya dhahabu haukai mahali pamoja. Umewekwa hivyo makusudi, maana DDR4 hutumia volti 1.2 na DDR3 hutumia 1.5 au 1.35. Jamani, msilazimishe. Nilibadilishiwa kwa kuwa risiti nilikuwa nayo.

Fundi, Jinja
Linaloniumiza mimi ni "i5", jina la prosesa, ule ubongo wa laptopu. Mteja anakuja amefurahi, kauziwa i5 ya mtumba. Ipi? i5-3320M ni ya 2012, ina viini viwili vya kufanyia kazi. i5-8250U ni ya 2017, ina vinne. Soma tarakimu zote kabla hujatoa pesa. Na kama ni Windows 10 au 11, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja papo hapo dukani, ufungue sehemu ya Performance, uone prosesa, RAM, na diski kama ni HDD (ya kuzunguka) au SSD (ya chipu, yenye kasi zaidi). Muuzaji mkweli hatakasirika.

Mwalimu, Gulu
Niliazima chaja ya mwenzangu, tundu likaingia sawasawa, lakini asilimia za betri zikawa zinashuka nikiwa natumia. Yangu imeandikwa volti 19.5, ampea 4.62. Ya kwake volti ni zile zile, ampea 3.34. Ina maana wati 65 zilikuwa zinabeba mzigo wa 90.

Fundi, Jinja
Ndivyo, mwalimu. Volti zilingane, ampea zisipungue. Zikizidi hakuna neno, laptopu huvuta inachohitaji tu.

Busia
Fundi, yangu betri ilikufa zamani, naitumia kwenye umeme moja kwa moja. Nikichomoa waya, tarehe inarudi nyuma miaka, na tovuti nyingi zinakataa kufunguka. Nimeambiwa ninunue mazabodi, yaani bodi kuu ya ndani.

Fundi, Jinja
Usinunue, dada. Anza na betri inayotunza saa ya laptopu, ile ya duara kama sarafu, mara nyingi CR2032 ya volti 3. Nyingine zina kiwaya, kwa hiyo ichomoe taratibu na uende nayo dukani.