Mashine ya slashi Kirumba, Mwanza: kondensa ya feni, ya maji au ya nje?

Bakuli_Mbili: Wakuu mwangaluka. Nataka kuvuta mashine ya slashi (juisi ya kugandishwa nusu) wiki ijayo. Muuzaji ana aina tatu: kondensa (sehemu inayotupa joto la mashine) ya feni, ya maji, na ile ambayo kondensa inafungwa nje ya jengo. Ya maji anasema haijali joto. Nichukue ipi?

FundiGesi: Hakuna fundi atakayekujibu hapo mkuu. Lita ngapi? Fremu ya tofali au banda la bati? Maji ya bomba unapata kila siku? Kibati cha nyuma kimeandikwa gesi gani, na umeme wa hezi 50 au 60?

Bakuli_Mbili: Bakuli mbili za lita 12. Banda la bati, karibu na soko la samaki la Mwaloni. Kibati sijakiangalia.

FundiGesi: Basi feni. Ila usiisogeze ukutani. Acha sentimita 20 kila upande wenye matundu, na utoboe ukuta wa nyuma uweke wavu, hewa moto itoke nje. Isipotoka inazunguka ndani ya banda na kuvutwa upya na feni ileile. Kumbuka pia Mwanza iko mita 1,100 na ushee juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hewa ni nyepesi kwa asilimia 12 hivi. Feni inasukuma ujazo uleule lakini inabeba joto pungufu. Chukua yenye kondensa pana kuliko bei inavyokushawishi.

Mhandisi_Igoma: Napinga. Chini ya bati mchana joto linagonga 38, na feni haiwezi kushusha kondensa chini ya joto la hewa inayoivuta. Maji ndiyo jibu.

FundiGesi: Maji mangapi? Piga hesabu hapa tuone.

Mhandisi_Igoma: Tuseme ubaridi ni wati 800 na kompresa inakula 450. Joto la kutupa ni wati 1,250. Ukiruhusu maji yapande nyuzi 10, unahitaji lita 1.8 kwa dakika. Saa kumi mfululizo ni lita 1,075.

FundiGesi: Umejijibu mwenyewe. Simtanki nzima kila siku imemwagwa mtaroni, na MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza, wanasoma mita.

Mhandisi_Igoma: Hayamwagwi, yanazungushwa kwa pampu ndogo. Tanki la lita 1,000 litapanda nyuzi 11 hivi ifikapo jioni, yaani kutoka 26 hadi 37, kisha lipoe usiku. La lita 2,000 linapanda nusu ya hapo. Liwekwe kivulini tu.

Furu_wa_Bwiru: Si avute ya ziwani moja kwa moja? Yapo mlangoni.

Mhandisi_Igoma: Usithubutu. Mwani na konokono wataziba bomba la kondensa, na kuchukua maji ziwani kibiashara kunataka kibali cha Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria. Kwa slashi mbili?

FundiGesi: Na feni ya ziwani nayo ina ugonjwa wake, nieleze vizuri maana ndio unaoua mashine ufukweni. Wale wadudu wadogo wanaopaa ziwani kama moshi hufuata taa usiku. Feni inawavuta, wananasa kwenye mapezi ya kondensa, vumbi na mafuta ya samaki vinawagandisha, na ndani ya wiki chache unakuta blanketi. Kuna mashine ya gesi ya R404A iliishia hivyo. Slashi ikawa maji maji, fundi akagusa bomba la kunyonya (linalorudisha gesi kwenye kompresa), halijapoa, akasema gesi imepungua. Akaongeza bila mizani wala geji. Gesi haikuwa imepungua! Kondensa ikiwa safi, ikifanya kazi kwenye nyuzi 45, presha ya juu husoma psi 280 hivi. Ikifika nyuzi 55 unapita 350. Gesi ya ziada ikapandisha zaidi, ovalodi (swichi ya kulinda kompresa) ikawa inakata na kurudi, kila baada ya dakika kadhaa, hadi waya wa kompresa ukaungua na mafuta yakawa na asidi. Hapo ni kompresa mpya, kuosha mfumo, draya (chujio la unyevu) mpya, vakyumu ya kunyonya hewa yote hadi maikroni 500, kisha kujaza kwa mizani, tena ikiwa kimiminika kwa sababu R404A ni mchanganyiko. Yote hayo kwa kukosa brashi laini na wavu wa chujio wa kuosha kila Jumamosi.

Bakuli_Mbili: Duh. Na ile ya nje?

FundiGesi: Ya chumba chenye mashine sita. Bomba refu, kulehemu, viungo vya kuvuja. Kwako ni gharama ya bure.

Mhandisi_Igoma: Hapo tumekubaliana. Angalia hezi lakini. Mashine ya 60, ya Marekani au Saudia, kompresa yake kwenye umeme wetu wa 50 inazunguka pungufu kwa sehemu moja ya sita, na ubaridi unashuka nayo. Ya Dubai ni 50, haina shida. Na friji gadi ya kuchelewesha dakika tatu hadi tano ni lazima, umeme ukikatika na kurudi ghafla kompresa inajaribu kuanza presha haijasawazika.

Mama_Ukwaju: Nyie mnabishana kondensa, anauza juisi gani? Juisi yenye sukari chini ya Brix 13 (kipimo cha sukari) inaganda jiwe na kuvunja gia ya pangaboi la kukorogea. Na juisi iingie imepoa. Lita 24 za nyuzi 25 zitachukua saa mbili na robo kuwa slashi kwa hizo wati 800. Zikitoka friji kwenye nyuzi 5 unaokoa dakika 40.

Furu_wa_Bwiru: Ukwaju wa Brix 13 mbona mtamu kupita kiasi?

Mama_Ukwaju: Baridi inaua utamu ulimini. Onja ikiwa imeganda.

Furu_wa_Bwiru: Na ubuyu?

Mama_Ukwaju: Ubuyu uchujwe mara mbili, unga unatuama chini ya pangaboi.

Bakuli_Mbili: Nimepita kwa muuzaji. Kibati kinasema R290, hezi 50, ya feni. Ni gesi ya kuungua hiyo, jirani yangu anakaanga samaki. Vipi?

FundiGesi: Tuma picha ya kibati, nione gramu ngapi.

Mhandisi_Igoma: Jiko liko umbali gani?