Nataka kukusanya mifano ya daikasti (ya madini ya kumiminwa) ya ndege za kivita zilizoruka kwenye anga letu: nianzie wapi?

MwlChumbageni (Tanga)

Habari za jioni wakuu. Mimi ni mwalimu wa fizikia hapa Tanga, nyumba yangu iko karibu kabisa na bahari. Kaka yangu aliyeko Muscat alinitumia zawadi ya Spitfire, ile ndege ya kivita ya Uingereza, mfano wa kampuni ya Corgi, wa chuma, skeli ya 1:72, yaani ndogo mara 72 kuliko yenyewe. Spitfire nilikuwa naijua vitabuni tu, ila nilipoishika mkononi uzito wake ulinishangaza. Sasa kila nikimaliza kusahihisha madaftari naichukua naitazama: mistari ya mabati kwenye mabawa, rubani mdogo chini ya kioo, herufi za kikosi ubavuni zimenyooka utadhani ziliandikwa na mtu mwenye ukubwa huohuo. Nimenogewa. Nataka kukusanya hasa, sitaki kuishia na moja ya kupambia kabati.

Sihitaji ndege zote za dunia. Nazitaka zile zenye habari na Afrika Mashariki, na zaidi za vita ya Kagera, kwa kuwa marehemu baba alikuwa mmoja wa waliovuka kwenda Uganda. Je, zinapatikana? Kwa wauzaji wa mtandaoni naona 1:48, 1:72, 1:144, 1:200, nashindwa kujua nishike ipi. Halafu kuna rafiki yangu Mombasa ameniambia hizi ndege zinaoza kuanzia ndani, zinavimba na kupasuka zenyewe zikiwa kabatini, na kwa hewa ya chumvi ya Pwani ndiyo usiseme. Kuna ukweli? Mshahara wa mwalimu mnaujua, sitaki kununua kitu kije kinivunjikie bila kuguswa. Naomba kuwasilisha.

NanyukiJuu

Karibu sana mwalimu. Mimi niko Nanyuki, jirani na kambi ya wanahewa ya Laikipia, kwa hivyo ndege yangu ya kwanza sikuhitaji kuitafakari: F-5E Tiger II. Kenya ilizipokea 1978, na hadi leo ukisikia mngurumo siku ya Jamhuri ujue ni zenyewe. Oktoba 2011 jeshi letu lilipoingia Somalia, nazo zilienda. Kampuni ya Hobby Master wametoa F-5E katika 1:72 kwa rangi za nchi kadhaa. Kwa skeli hiyo urefu wake ni kama sentimita 20 na mabawa hayafiki 12, kwa hivyo haikusumbui nafasi.

Yangu ilikuja na alama za Marekani. Nilizitoa polepole kwa pamba na spiriti, nikabandika za Kenya kwa stika za maji nilizochapishiwa Nairobi. Wako wakusanyaji hawapendi kabisa jambo hilo, lakini mimi nataka ile ninayoiona ikipita juu ya shamba letu.

Kuhusu kuoza, ngoja Babu wa Kirumba aje. Huku kwetu hewa ni kavu, sijui shida za Pwani.

Babu_Kirumba (Mwanza)

Mwalimu, heshima zangu kwa marehemu mzee wako. Umeuliza mambo mazito, nitajibu kwa kirefu.

Chukua 1:72 na usiiache. Katika skeli hiyo rubani wa mita 1.8 anakuwa sentimita 2.5, na ndege ya kivita yenye injini moja inakaa kwenye kiganja. Spitfire uliyonayo mabawa yake ya mita 11.23 yamekuwa sentimita 15 na ushee, chukua rula upime. Faida kubwa utaiona ukishakuwa na ndege mbili tatu kwenye rafu moja. Weka MiG-21, ndege ya kivita ya jeti ya Kisovieti, kando ya hiyo Spitfire. Mabawa ya MiG ni sentimita 10 tu, mafupi kuliko ya ndege ya miaka ya 1930, lakini kiwiliwili ni kirefu, kimezungushwa kwenye injini ya jeti na tundu la hewa liko puani. Hapo mwalimu wa fizikia huhitaji kuelezwa. Ukichanganya skeli, rafu inakudanganya: ndege kubwa ya mabomu inaonekana sawa na ndege ya mafunzo. 1:48 ni nzuri machoni ila italimaliza kabati mapema, na 1:200 iachie ndege za abiria.

Sasa vita ya 1978 na 1979. Uganda ya Amin ilikuwa na MiG-17 na MiG-21. Sisi tulikuwa na za Kichina, zikiwemo J-5 ambayo ni MiG-17 iliyotengenezwa China na J-6 ambayo ni MiG-19, pamoja na MiG-21. Maana yake umbo moja la MiG-17 linasimama pande zote mbili za vita, na kinachotofautisha ni alama tu. Mimi hilo linanigusa kila nikilitazama. Ndege za Amin zilijaribu kulibomoa daraja la Kyaka kwa mabomu zikashindwa, hadi mtaalamu wa milipuko kutoka migodi ya Kilembe, Uganda, alipokwenda kulitegea baruti, Novemba 1978. Mzee wako bila shaka alivuka Mto Kagera baada ya hapo, kwa daraja la muda.

Halafu kuna ile ya hapa kwetu. Machi 1979 Libya, iliyokuwa ikimsaidia Amin, ilituma Tu-22, ndege kubwa ya mabomu, kuja kupiga matangi ya mafuta ya Mwanza. Nilikuwa kijana mdogo hapahapa Kirumba. Matangi hayakuguswa. Mabomu yaliangukia kisiwa cha Saanane, kwenye hifadhi ya wanyama, yakaua swala. Watu wazima walitukusanya watoto wakatuingiza ndani na hakuna aliyetueleza kitu, habari ya swala tuliisikia baadaye. Tu-22 ina urefu wa zaidi ya mita 41, katika 1:72 ingekaribia sentimita 58. Nimeitengea nafasi kwenye rafu ya chini, pana, na mpaka leo iko wazi. Nikiitazama nafasi ile kando ya MiG-21 yenye sentimita 20, naelewa ni kitu cha namna gani kilichokuwa kimetumwa kwetu.

Kuhusu alama, usisubiri kiwanda kitoe ndege ya Tanzania au ya Uganda. Wanatoa wanachojua kitauzika: Urusi ya zamani, India, Vietnam Kaskazini, Ujerumani Mashariki. MiG-21 zilitengenezwa zaidi ya 10,000, kwa hiyo za kuchagua zipo. Hapa natofautiana na ndugu yangu wa Nanyuki. Mimi sibadilishi rangi ya kiwandani. Alama zile zimegongwa kwa mpira laini wa silikoni unaochukua wino kwenye bamba na kuuweka juu ya chuma, hata kwenye mikunjo ya bawa, na ukikaza macho utaona maandishi ya tahadhari madogo kuliko punje ya mchele, yanasomeka. Kazi ile ukiifuta hairudi. Naweka ndege ya India kama ilivyo, mbele yake naweka kadi niliyoandika kwa mkono: aina hii ilitumiwa na nani, wapi, mwaka gani. Wajukuu wanasoma kadi kwanza ndipo wanaangalia ndege.

Kabla hujalipa, omba picha za karibu za sehemu tatu. Maungio ya bawa na kiwiliwili, maana hapo ndipo ufundi mbovu unaonekana: ufa mpana wa kupitisha ukucha, au bawa moja limeinuka kuliko jingine. Pili kioo cha rubani, kikae sawasawa kwenye fremu. Tatu, mrija mwembamba wa puani au kwenye bawa, ule wa kupimia mwendo. Huo ni wa plastiki, na kwenye MiG-21 ni mrefu, ndiyo unaotangulia kupinda au kukatika njiani.

Na hii habari ya kuoza. Rafiki yako hakukudanganya, ila amechanganya mambo mawili.

Ndege hizi si chuma cha pua wala bati. Ni mchanganyiko wa zinki na aluminiamu, magnesiamu na shaba kidogo, unaoyeyuka chini ya nyuzi 400, ukasukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu la chuma. Kwa kuwa joto lake si kubwa, kalibu linadumu na mistari midogo inatoka safi. Zamani, hasa kabla ya vita ya pili, viwanda vilikuwa vikiingiza madini ya risasi kwenye chungu bila kujua madhara yake. Risasi kidogo sana inatosha. Inajipenyeza kati ya chembe za zinki, na ukiongeza unyevu na joto, kutu inatembea ndani kwa ndani: madini yanavimba, yanapinda, yanapasuka. Huo ndio ugonjwa wa zinki na hauna dawa. Ndege za kuchezea za Dinky, za kampuni ya Meccano, za miaka ya 1930 nyingi zimekwisha hivyo, hata huko Uingereza zilikotoka. Za leo zinatumia zinki safi sana. Haimaanishi haitokei kabisa, lakini si jambo la kukunyima usingizi.

Kitu cha pili ni chumvi ya hewa yenu. Hiyo inashambulia kutokea nje, pale rangi ilipokwaruzika: unaona unga mweupe, au kipovu kidogo chini ya rangi. Hili linazuilika. Nunua kabati la vioo lenye mlango unaofunga vizuri, milango ya kuteleza huacha upenyo. Weka kipima unyevu ndani na vikopo vya silika ya kunyonya unyevu inayobadilika rangi. Ikigeuka ikaushe kwenye oveni, irudishe. Lenga asilimia 40 hadi 50. Usilitengeneze kabati kwa mbao mbichi wala MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandishwa) mpya isiyopakwa rangi, inatoa mvuke wa asidi, na kwenye nafasi iliyofungwa mvuke ule hauna pa kwenda ila kwenye zinki yako. Jua la moja kwa moja hapana. Ukimaliza kuishika ifute kwa kitambaa laini kikavu, jasho la mikono nalo lina chumvi.

MwlChumbageni (Tanga)

Shikamoo mzee. Nimesoma mara mbili. Nimepima Spitfire, kweli ni 15 na nusu. Kyaka baba alikuwa akiitaja sana, ila hili la mtaalamu wa Kilembe ni mara yangu ya kwanza kulisikia, nitamwambia mama.

Nina mawili ya nyongeza. Yule rafiki wa Mombasa ameona kwa muuza vitu vya kale ndege mbili za Dinky, anasema ni za zamani sana na bei si mbaya. Nimwambie azichukue? Na kama ziko na ugonjwa, haziambukizi nyingine? La pili, naipenda sana Hercules, ile ndege ya mizigo ya kijeshi, kwa sababu ya uokoaji wa mateka wa Entebbe. Nayo iwe 1:72?

Babu_Kirumba (Mwanza)

Marahaba mwanangu.

Haziambukizi. Kasoro iko ndani ya madini ya ndege ile tangu siku iliyomiminwa, haiwezi kuhamia kwenye Spitfire yako. Mwambie rafiki yako aziweke juu ya kioo cha meza na azitazame kwa usawa wa macho. Bawa likiwa limelegea kuelekea chini, au ncha zimejikunja, aache. Azigeuze, atazame tumboni penye maandishi ya Meccano kwa tochi iliyolazwa pembeni, nyufa nyembamba zitajitokeza kama mtandao. Zikiwepo hata chache, aache, hata akipewa kwa bei ya chai. Gundi haishiki kwa kuwa madini yenyewe yanaendelea kukua. Zikiwa zimenyooka na ni za baada ya 1945, achukue bila wasiwasi. Na asikubali kuuziwa iliyopakwa rangi upya, rangi mpya inafunika nyufa.

Hercules mabawa yake ni mita 40. Katika 1:72 ni sentimita 56, kabati lako halitafunga. Hii peke yake nakuruhusu 1:200, inakuwa sentimita 20, lakini usiiweke pamoja na MiG. Mpe rafu yake. Kwenye kadi andika: usiku wa Julai 3 kuamkia 4, 1976, Hercules nne za Israeli zilitua Entebbe, makomando wakateketeza MiG za Uganda zilizokuwa zimeegeshwa, kisha Hercules zikapitia Nairobi kujaza mafuta. Zile zilizochomwa zilikuwa MiG-17 na MiG-21, zilezile aina unazotaka kuanza nazo. Kwa hiyo rafu ya Entebbe ikae juu ya rafu ya Kagera, ndivyo mambo yalivyofuatana.

NanyukiJuu

Babu ameongea yote, mimi naongeza la usafirishaji. Mwambie muuzaji asiitoe ndege kwenye ganda lake la plastiki, na boksi la kiwanda liwekwe ndani ya boksi jingine lenye nafasi ya vidole vitatu kila upande. Risiti iwe ndani na bei halisi. Wakati wa kupiga hesabu kumbuka VAT, kwetu ni asilimia 16 na kwenu 18, juu ya ushuru na nauli. Mpya ya 1:72 mara nyingi inapita dola 80 kabla ya hayo yote. Kama kaka yako huja likizo kutoka Muscat, aibebe kwenye mkoba wa mkononi, isiingie kwenye mizigo ya chini.

Na boksi usilitupe. Ukitaka kuuza kesho, isiyo na boksi inashuka bei sana.

Babu, hizo stika zangu bado nazitetea!

MwlChumbageni (Tanga)

Asanteni sana wakuu. Nimeamua: MiG-21 ya rangi za India kwanza, kaka anakuja Disemba na ataibeba mkononi. Rafiki wa Mombasa nimempigia, Dinky moja bawa limelala, ameiacha, nyingine anaendelea kuichunguza kwa tochi. Kabati nimemwambia fundi atumie aluminiamu na kioo, mlango wa bawaba wenye mpira wa kuziba kuzunguka fremu, rafu ya chini iwe na upana wa sentimita 65, kwa ajili ya ile Tu-22 endapo itatolewa. Kipima unyevu nachukua cha maabara ya shule wiki hii nipime sebuleni na chumbani, nitaleta vipimo hapa Babu uniambie kabati likae wapi.