Namna ya kutulia mbele ya bosi anayegomba mbele ya wateja

Mtunza Stoo, Nakuru
Hamjambo nyote. Ninatunza stoo ya duka la pembejeo za kilimo hapa Nakuru, na huu ni msimu wangu wa tatu. Kuanzia mwezi wa Machi, mvua ndefu zinapokaribia na wakulima wa Njoro na Molo wanapoanza kumiminika kutafuta mbegu na mbolea, bosi wangu hugomba tangu anapofungua mlango. Kinachonichoma si ukali wenyewe. Hupiga simu akiwa njiani, akaniagiza nimpakilie rafiki yake mifuko 10 ya mbolea ya DAP kwa mkopo, kisha jioni, hesabu isipolingana, huniuliza mbele ya wateja mbolea imekwenda wapi. Jumamosi iliyopita nilimjibu kwa sauti iliyozidi yake, na tangu siku hiyo tunasalimiana shingo upande. Kazi naipenda, na karo ya watoto inaitegemea. Nifanye nini ili nitulie bila kuonekana mnyonge?

Mzee wa Kondele, Kisumu
Mwanangu, nilisimamia maghala kwa miaka mingi kabla sijastaafu, na huyo bosi wako nimemfanyia kazi mara mbili, ila kwa majina tofauti. Mwenye duka aliyechukua mali kwa mkopo, akaahidi kulipa mvua ikianza, halali vizuri mwezi wa Machi. Anapokugombeza, mara nyingi anahesabu madeni yake kwa sauti. Hilo halimpi haki ya kukuaibisha, lakini litakusaidia usiyabebe maneno yake hadi nyumbani. Tiba niliyoiona ikifaa ni ya maandishi: akikupigia simu utoe mali, mtumie ujumbe papo hapo, "Nimempakilia fulani mifuko 10 ya DAP ya kilo 50, kwa mkopo, kama ulivyoniagiza," kisha umwombe mchukuaji atie sahihi daftarini. Saa 11 jioni, kabla hajauliza, mpelekee hesabu ya siku. Mwanzoni ataitazama kwa dharau. Baada ya wiki mbili ataanza kuitafuta mwenyewe.

Karani, Kakamega
Nakubaliana na mzee, ila chunga sana ulimi wako. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinahesabu matusi kwa mwajiri, au kwa msimamizi aliyewekwa naye, miongoni mwa makosa yanayoweza kumfanya mtu aachishwe kazi papo hapo. Ni kweli kwamba kifungu cha 41 kinamtaka mwajiri akueleze sababu kwanza, kwa lugha unayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, na akusikilize. Lakini hata ukishinda kesi ya namna hiyo, msimu utakuwa umekwisha nawe huna mshahara.

Mama Duka, Bungoma
Mimi niko upande wa pili wa kaunta, kwani nina duka na wafanyakazi wanne. Ujumbe wa simu ni mzuri, lakini kama mfanyakazi wangu angeanza ghafla kuniandikia kila jambo siku chache baada ya kunijibu kwa ukali, ningedhani ananitengenezea kesi. Kwa hiyo anza na mazungumzo. Usimwendee asubuhi lori likishushwa, nenda duka likishafungwa, umwombe radhi kwa sauti uliyoipaza, wala si kwa hoja uliyoitoa, halafu umwambie, "Bosi, nikikosea naomba uniite stoo, unikemee huko." Wateja wanaposhuhudia ugomvi, sisi wenye maduka ndio tunaoaibika zaidi, ila hakuna anayethubutu kutuambia.

Mtunza Stoo, Nakuru
Asanteni sana. Mama, hilo la kutenganisha sauti na hoja sikuwa nimelifikiria, na ndilo lililokuwa likinizuia kuomba radhi. Nitamsubiri kesho akishafunga hesabu, na huo ujumbe nitaanza kuutuma baada ya hapo, naye akiwa na habari.