Tupeane uzoefu: desturi gani mliiweka kazini au chamani kwa makusudi, ikashika?

Fundi_Kariobangi: Msituletee yale maandishi ya "maadili yetu" yaliyobandikwa mapokezi, kila ofisi ya Upper Hill inayo. Naanza. Kwenye karakana yetu ya mageti, fundi akikata chuma kifupi alikuwa anakisukuma nyuma ya mtungi wa gesi, halafu anaungaunga. Mteja anapelekewa geti lenye viraka chini ya rangi. Tukakubaliana kipande kilichoharibika kiwekwe mezani pale mlangoni, aliyekikata aeleze ilivyokuwa, na asikatwe hata shilingi. Hilo la kutokatwa ndilo lililobeba mengine yote. Meza ilijaa hadi mwenye karakana akataka kughairi, ndipo tukaona vyuma karibu vyote vimetoka kwa mashine moja ya kukatia. Kizuizi chake cha kupimia kilikuwa kimelegea, na kila mtu alidhani ni mkono wake.

MwekaHazina_Umoja: Chama chetu kilikuwa na faini ya kuchelewa, shilingi 200, ila mwenyekiti halipi, eti foleni ya Jogoo Road. Siku moja mwanachama mgeni akamwuliza kwa adabu, "Mama, yako niiandike ukurasa gani?" Tukatazama sakafu. Akatoa simu, akatuma M-Pesa pale pale. Sasa hakuna anayetaja foleni.

Konda_Mstaafu: Kanuni za matatu za 2004, zile za Waziri Michuki, zilituvalisha sare. Matusi yakabaki. Kwa Sacco yetu yalipungua gari lililolalamikiwa lilipoanza kunyimwa zamu asubuhi, saa za pesa.

Dada_wa_Rasilimali_Watu: Niko kiwandani, Industrial Area. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41, inataka mtu kabla ya kufutwa kwa utovu wa nidhamu aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, akiwa na mwenzake aliyemchagua. Sisi tulishusha utaratibu huo hadi kwenye onyo dogo. Wasimamizi walinung'unika kwamba unachelewesha kazi, na kweli unachelewesha. Lakini siku hizi wanafikiri kabla ya kufoka.

Karani: Yetu ilikufa. Meneja alianzisha chai ya pamoja kila Ijumaa, wakubwa kwa wadogo.

Fundi_Kariobangi: Iliuawa na nini?

Karani: Vikombe. Wakubwa walikunywa wakaondoka, wa mapokezi akaachiwa kuosha. Ijumaa iliyofuata hakuchemsha.