Tamasha la muziki siku 3, nijipangeje?

Wakuu habari, mwaka huu lazima niende tamasha kubwa la muziki, siku 3 tunalala kwenye mahema, ndo mara yangu ya kwanza. Nibebe nini na tiketi ninunue lini?

– Tiketi chukua mapema tena kwa waandaaji wenyewe, za kuuziwa na watu mkononi achana nazo kabisa, ile QR (alama ya kuskani kwenye tiketi) ikishaskaniwa getini na mwingine ndo basi tena.

– Mkuu vizibo vya masikio! Karibu na spika sauti inafika desibeli 100, masikio yakivuma usiku ujue yameumia. Na viatu vaa ulivyovizoea, vipya vitakutoa malengelenge.

– Kubalianeni pa kukutana kabla hamjaingia, maana watu wakijaa mtandao unagoma, meseji inafika shoo imeshaisha. Pawabanki chaji kabisa nyumbani.