Kikundi: Watoto wa Bibi 🏠

Shangazi Rehema: Amkeni jamani. Mjusi wetu Sultani ametaga.

Shangazi Rehema: [picha]

Shangazi Rehema: Mayai mawili, pembeni mwa tangi, chini ya gome. Nuru ana mitihani mpaka Ijumaa, kwa hiyo zamu: Idi asubuhi, Zuhura mchana, Salum usiku. Jibuni.

Ba Mdogo Idi: Sultani?? Ametaga??

Ba Mdogo Idi: Miaka miwili tunamwita bwana mkubwa 😂😂

Shangazi Zuhura: 😂😂😂

Shangazi Rehema: Zamu, Idi.

Nuru: Shangazi tafadhali usiyageuze. Yabaki vilevile alivyoyalaza, utie alama ya penseli juu. Yakipinduliwa kilichomo kinaweza kufa

Shangazi Rehema: Nimeshika moja tu nipige picha.

Nuru: Ulilizungusha?

Shangazi Rehema: Kidogo.

Nuru: 😩 Haya. Huenda ni matupu, jike hutaga hata bila dume, kama kuku. Siku kadhaa zikipita zimeni taa mmulike na tochi. Mishipa myekundu maana yake kuna mtoto

Ba Mdogo Idi: Bila dume kabisa?

Ba Mdogo Idi: *Ujumbe huu umefutwa*

Shangazi Zuhura: Nimeusoma.

Shangazi Rehema: Umesema nini Idi?

Ba Mdogo Idi: Mliposafiri nilimweka na mjusi wa rafiki yangu. Wiki moja tu, asiwe mpweke. Lakini ni miezi mingi sasa!

Nuru: Ba Mdogo!! Jike anaweza kuhifadhi mbegu miezi na miezi. Na kama wote wangekuwa madume wangeumana

Ba Mdogo Idi: Walielewana sana 😇

Shangazi Zuhura: Ndiyo maana zamu sizitaki. Zile za kasuku tulimaliza vipi?

Ba Mdogo Idi: Hilo si tuliliacha?

Shangazi Zuhura: Mliliacha nyinyi. Tundu nililikuta wazi mimi.

Nuru: Mkia wake ukoje? Ndiko anakoweka mafuta yake

Shangazi Rehema: Umesinyaa. Jana hakula.

Nuru: Mpeni nyenje waliopakwa unga wa kalsiamu, ganda la yai limemnyonya. Akitetemeka miguu apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Na mwekeeni kikopo cha udongo wenye unyevu, anaweza kutaga tena

Ba Mdogo Idi: Tutajuaje watoto ni dume au jike?

Nuru: Hawa wa madoa ni joto linaloamua. Nyuzi 26 hivi karibu wote majike, 32 hivi wengi madume

Ba Mdogo Idi: Wekeni 32, tumpate Sultani wa kweli 😂

Bibi: Nimesoma yote.

Bibi: Kasuku alikuwa wangu na mimi nilishanyamaza, kwa hiyo nyamazeni na nyinyi. Rehema mwanangu, acha kufunua tangi kila dakika, mzazi anataka giza. Idi, uliwakutanisha wewe. Utalea wewe.

*(saa mbili kimya)*

Ba Mdogo Idi: Sawa Mama.

Shangazi Zuhura: 🙏

Shangazi Rehema: Sawa Mama. Idi, unakuja kuyachukua au nikuletee? Yasitikiswe njiani.

Nuru: Bora yasihamishwe jamani

Shangazi Rehema: Basi Idi aje alale hapa.

Ba Mdogo Idi: Leo?

Ba Mdogo Salum: Ndio naamka. Nani katag a?

Ba Mdogo Salum: *kataga

Shangazi Rehema: Salum, wewe ni usiku.