Picha zinapendeza kwenye monita lakini zikisafishwa zinatoka nyeusi: nianzie wapi?

Mpigapicha wa Makole:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Nina studio ndogo hapa Dodoma, maeneo ya Makole, na kazi yangu kubwa ni harusi, sendofu na mahafali ya vyuo. Kwa miezi kadhaa sasa nahangaika na jambo moja: picha niliyoihariri ikanipendeza kwenye monita, nikiipeleka kusafishwa inarudi na giza, nyuso za watu zimekuwa nyeusi kupita walivyo, na shela jeupe limekuwa la kijivu. Mwezi uliopita mama wa bibi harusi alinirudishia albamu nzima akisema kwamba yule si binti yake, nami sikuwa na la kumjibu.

Mwanzoni nililaumu mashine ya pale ninaposafishia. Nikazipeleka faili zilezile Dar es Salaam kwa mtu mwingine kabisa, zikarudi na giza lilelile. Ndipo nilipoanza kuitilia shaka monita yangu, ya inchi 24, ambayo niliinunua ikiwa imeshatumika ofisini. Chumba ninachofanyia kazi kina kuta za kijani na dirisha linalotazama magharibi, na jua la hapa kwetu mnalijua: ikifika saa tisa alasiri hulazimika kupandisha mwangaza wa monita hadi mwisho ndipo nione kitu. Nimesikia kuna vifaa vya kupimia rangi vinavyowekwa juu ya kioo. Je, ninunue kifaa hicho kwanza, au kuna la kufanya kabla ya kutoa fedha?

Fundi Rangi:

Ndugu yangu, umeshajijibu mwenyewe. Faili moja ikisafishwa mahali pawili pasipohusiana na kurudi na giza lilelile, kosa limetokea kabla ya faili kufika kwenye mashine yoyote.

Monita ya ofisini ikipandishwa mwangaza hadi mwisho hutoa mara nyingi kandela (kipimo cha mwangaza) 250 hadi 300 kwa kila mita ya mraba, ilhali kwa kazi ya kuchapa watu huweka kati ya 80 na 120. Karatasi haina taa ndani yake. Hurudisha tu mwanga unaoiangukia. Kwa hiyo unapohariri mbele ya kioo kinachowaka kiasi hicho, uso wa bibi harusi unauona mweupe mno, unaupunguza hadi macho yako yaridhike, na kile ulichokipunguza ndicho kinachochapwa. Ni kosa la mwangaza kwanza, rangi baadaye, na wengi huanza na rangi kwa sababu ndiyo inayoonekana ya kitaalamu.

Kabla ya kununua chochote, tumia kamera yako. Fungua ukurasa mweupe mtupu ujaze kioo kizima, weka ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) 100 na tundu la lenzi f/4, chagua upimaji wa mwanga wa nukta moja ya katikati, kisha elekeza kamera kwenye huo weupe bila kuulenga kwa ukali. Kamera ikikuambia kwamba kasi ya shata inayofaa ni karibu 1/50 ya sekunde, monita yako iko kwenye kandela 100 hivi. Ikikuambia 1/160, uko kwenye 300 na zaidi, na sitashangaa hata kidogo. Punguza kwa vitufe vya monita yenyewe, si kwa programu ya kadi ya picha iliyo ndani ya kompyuta, kwa sababu programu hupunguza kwa kufuta baadhi ya hatua za rangi, na anga litaanza kukuonyesha michirizi.

Chumba nacho kinahesabika. Ukuta wa kijani unarudisha ukijani kwenye kioo na machoni mwako, nawe bila kujua utaongeza wekundu kwenye ngozi za watu ili kuufidia. Paka kijivu kisichong'aa, walau ukuta ulio nyuma ya monita na ule ulio mgongoni mwako, weka pazia zito dirishani, na zima kile kipengele cha kompyuta kinachofanya kioo kuwa cha manjano usiku. Monita iwashe nusu saa kabla ya kuiamini.

Baada ya hapo kifaa kinafaa, tena sana, kwa sababu jicho huzoea upesi na halina kumbukumbu ya rangi. Vya kampuni za Datacolor na Calibrite ndivyo vinavyotumika zaidi, na programu ya DisplayCAL, ya kuviendesha, haina malipo. Anzia kwenye joto la rangi (umanjano au ubuluu wa weupe) la kelvini 6500, gama (jinsi vivuli vinavyopanda kutoka giza hadi mwanga) 2.2 na kandela 100. Mwambie kifaa aina ya taa iliyo nyuma ya kioo chako, maana ukikosea hapo vipimo vyote vitapotoka. Programu itatengeneza profaili, yaani faili linaloieleza kompyuta jinsi monita yako inavyoonyesha rangi, na monita utaipima upya kila mwezi au miwili.

Jambo moja la kukuudhi: kama monita hiyo ni ya TN (aina mojawapo ya kioo), ukiinua kichwa kidogo tu vivuli hubadilika, na hakuna kifaa kinachotibu hilo. Ya IPS, aina nyingine ya kioo isiyobadilika hivyo, hata ikiwa ya kawaida, itakufaa zaidi.

Msafishaji Picha:

Nakubaliana na Fundi, ila nizungumze kwa upande wetu tulioko kwenye mashine, kwani nimefanya kazi hii miaka mingi na lawama ninazijua. Mashine yetu hutumia karatasi ya picha na dawa, na kila tunapobadilisha bunda la karatasi huchapa vipande vya majaribio, tukavisoma kwa kipimo ili mashine ijirekebishe. Kwa hiyo mashine inayotunzwa haiyumbi sana.

Kinachoyumba ni mambo mawili ambayo mteja hatuambii. La kwanza ni mfumo wa rangi wa faili. Wapigapicha wengine huhifadhi faili katika Adobe RGB ya mwaka 1998, mfumo wenye upana mkubwa zaidi wa rangi, kwa kuamini kwamba kikubwa ndicho bora. Mashine nyingi za aina yetu huchukulia kila faili kuwa ni sRGB, mfumo uliobuniwa na HP na Microsoft mwaka 1996, na matokeo yake ngozi hupauka kama ya mtu asiyejipaka mafuta. Nileteeni sRGB. La pili ni marekebisho ya moja kwa moja: mashine ikiona joho jeusi limejaa kwenye picha ya mahafali, hudhani picha ina giza na kuiangaza, ikiona shela jeupe, huitia giza. Kama umekwisha kusawazisha monita yako, mwambie anayekusafishia ayazime. Usipomwambia hatayazima, kwa sababu wateja wengine wote huletewa nafuu na marekebisho hayo.

Mchapaji wa Area C:

Kuhusu kelvini 6500 natofautiana kidogo na Fundi. Kiwango cha kimataifa cha kutazamia machapisho, ISO 3664, ni mwanga wa D50, yaani kelvini 5000 hivi, na kwa kuwa karatasi hutazamwa chini ya mwanga huo, mimi monita yangu nimeiweka 5000.

Fundi Rangi:

Kaka, hilo linafaa kwako mwenye taa za D50 mezani. Huyu ndugu yetu anatazama picha kando ya dirisha, na wateja wake wanazitazama sebuleni. Akiweka 5000 kioo kitakuwa cha manjano, naye atatia ubuluu kwenye kila shela la Dodoma. Aanzie 6500, na kama weupe wa karatasi utazidi kuonekana wa manjano kuliko wa kioo, ashuke taratibu kuelekea 5800.

Mpigapicha wa Makole:

Ndugu zangu, nimerudi na matokeo. Kamera ilisoma 1/200 siku ya kwanza. Nikakokotoa nikapata karibu kandela 400, nikaona aibu peke yangu. Nimeshusha hadi 1/50, nimetundika pazia, na ukuta ulio nyuma ya monita nimeupaka kijivu. Siku mbili za mwanzo kioo kilionekana kama kinakufa, sasa nimekizoea. Nilizihariri upya picha 12 za albamu ile, nikazipeleka zikiwa sRGB na marekebisho yamezimwa. Giza limeondoka kabisa. Kilichobaki ni wekundu kidogo kwenye mashavu, katika zile zilizopigwa nje jioni tu.

Msafishaji Picha:

Hizo zilizopigwa nje huenda zimepata wekundu wa udongo wetu, unaorudisha mwanga wa jua la jioni usoni. Hapo monita haina kosa; rekebisha weupe wa picha yenyewe kwa kipande cha shela kilicho kivulini.

Mpigapicha wa Makole:

Nimejaribu kwenye moja, imetulia. Kesho nazipeleka zote kwa mama yule.